Nilimfungia Baba Kompyuta Yake, Naye Anadhani Amesahau

Mpendwa Shangazi,

Kama foleni ya barua zako ni ndefu, nakusihi unisogeze mbele kidogo, kwa sababu jambo langu lina tarehe. Jumamosi tarehe 14 mwezi ujao, shule zikishafungwa, kaka yangu atakuja na gari kumchukua baba yetu akaishi kwake moja kwa moja, na baba anaihama nyumba yake kwa kosa ambalo hakulifanya yeye, nililifanya mimi, na mpaka ninapoandika hapa hakuna anayejua isipokuwa mimi na shajara yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, niliishia kidato cha nne, na ni karani wa masjala ya hospitali, yaani chumba kinachotunza mafaili ya wagonjwa. Naishi na baba, wawili tu tangu mama afariki. Baba ana miaka sabini na mmoja, ni mpima ardhi mstaafu, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi yake: meza imeelekea dirishani, ramani zimeviringishwa na kusimamishwa kwenye ndoo, na katikati ya meza kuna kompyuta mpakato yake ambayo kila asubuhi saa mbili, akishamaliza chai, huifungua na kuandika mpaka adhuhuri. Anaandika kitabu cha kuwafundisha wapima ardhi wanaoanza kazi. Chuo kimoja kilimwomba miaka miwili iliyopita. Ameshafika sura ya kumi na nne kati ya kumi na sita.

Sasa nieleze habari ya neno la siri, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Kompyuta yake ya kwanza iliibwa ikiwa na ramani za watu ndani, akaumia sana, na aliponunua hii alimwambia fundi wa dukani aifunge kabisa. Fundi akaweka neno la siri kwenye diski yenyewe, ile ya ndani inayohifadhi kila kitu, si lile la kawaida la kuingilia. Ukiwasha tu mashine, kabla ya picha yoyote, kinatokea kisanduku kimoja kwenye kioo cheusi kinakuuliza, na ukikosea mara tatu mashine inagoma mpaka uizime uanze upya. Fundi alimwonya, "Mzee, hili ukilisahau hata mimi usinitafute." Baba akanitajia neno lile siku ileile ili tuwe wawili, nikaliandika kwenye shajara, kwa hiyo nimelijua kwa miaka sita kama ninavyojua jina langu.

Tangu mwanzoni mwa mwaka huu vidole vya baba vinatetemeka kidogo asubuhi. Anagusa herufi ya jirani, mashine inakataa, anarudia, anaanza kuisema kompyuta kama anayesema na mtu, "Wewe nawe, mimi ndiye mwenye nyumba." Kaka akipiga simu hakosi cha kutania, "Mzee, leo umefunguliwa mlango au umelala nje?" Baba hucheka, lakini mimi ninayekaa naye naona kwamba baada ya kicheko huwa haandiki vizuri siku hiyo. Tena mara mbili aliacha birika jikoni mpaka likakauka, nikampeleka kwa daktari wa hapo hospitalini kwetu, daktari akasema si jambo la kutisha, ila tuwe tunaangalia kumbukumbu yake na turudi baada ya miezi mitatu.

Basi nikaamua, peke yangu, kuliondoa lile neno. Nikajiambia nyumba yetu ina geti na kufuli, mwizi wa siku zile alishasahaulika, kwa nini mzee ateswe kila asubuhi. Sikumwuliza baba kwa sababu nilijua angekataa. Nilipanga aikute imefunguka tu, afurahi, nami nimweleze jioni.

Shajara yangu inasema: Jumapili tarehe 4, saa tisa alasiri, baba amekwenda kunyoa. Nimewasha kompyuta, nimeandika neno, imekubali, nimebonyeza F2 kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, nimekwenda sehemu ya usalama, nimechagua neno la siri la diski. Vikatokea visanduku vitatu kwa Kiingereza: neno la sasa, neno jipya, rudia neno jipya.

Shangazi, naomba unielewe. Nimekaa masjala miaka kumi na minne, na sheria ya kwanza ya masjala yetu ni kwamba hakuna kisanduku kinachoachwa wazi. Fomu ikiuliza mzio wa dawa, na mgonjwa hana mzio, huachi nafasi tupu, unaandika HAKUNA kwa herufi kubwa, kwa sababu nafasi tupu inaweza kumaanisha karani alisahau kuuliza. Mkono wangu umezoea hivyo. Kwenye kisanduku cha kwanza niliandika neno la baba, na kwenye viwili vilivyobaki, kwa sababu sikutaka neno jipya lolote, niliandika HAKUNA na HAKUNA. Zilionekana nyota tu. Mashine ikasema imekubali. Nikahifadhi, ikajizima na kujiwasha yenyewe, ikafunguka moja kwa moja bila kuuliza chochote. Shajara inasema: "Imefunguka bila kuuliza. Nimejaza visanduku vyote vitatu. Kazi imekwisha." Nikaizima, nikaipangusa vumbi, nikairudisha mahali pake.

Jumatatu tarehe 5 nilitoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kazini. Niliporudi jioni nilimkuta baba amekaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, meza ikiwa tupu. Kompyuta alikuwa ameitia kwenye begi lake na kufunga zipu.

Nikamwuliza, "Baba, leo hukuandika?"

Akasema, "Mwanangu, kichwa kimeniaga."

Akanieleza polepole, kama anayesoma ripoti. Aliandika neno, ikakataa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, ikakataa. Akafuta miwani, akaandika mara ya tatu akilisema kwa sauti, ikakataa na kugoma. Akaizima. Hakujaribu tena.

Nikamwambia, "Baba, neno mimi ninalo, nikutajie?"

Akainua mkono. "Usinitajie. Neno ninaloliandika kila asubuhi miaka sita, leo nisomewe kama mtoto wa chekechea? Acha. Na hilo begi usiliguse."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini nimeapa kuandika yote. Niliposikia mashine bado inauliza neno, nilidhani kuliondoa kwangu hakukushika, na kwamba baba kweli amesahau lile la zamani. Nilisikitika. Na chini ya masikitiko, Shangazi, nilishusha pumzi. Nimechoka. Naamka saa kumi na moja, napika, nafua, nakimbilia kazini, mchana napiga simu kuuliza kama amezima jiko, nikirudi nikikuta nyumba imesimama nashukuru. Aliposema kichwa kimemuaga, kuna sehemu ndani yangu ilisema, basi sasa mwingine atamchukua. Nadhani ndiyo maana sikuchunguza.

Jumatano tarehe 7 baba mwenyewe aliniomba nimpeleke kwa daktari, hakungoja ile miezi mitatu. Akamwambia daktari, "Nimesahau neno nililolitumia miaka sita, tena kwa siku moja." Daktari akaandika kwenye faili. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni. Faili hilo nililirudisha rafuni kwa mikono yangu.

Alhamisi tarehe 8 baba alimpigia simu mkuu wa chuo akamwambia atafute mtu mwingine wa kukimalizia kitabu. Nilimsikia akisema, "Mimi sasa ni jiwe la mpaka lililong'olewa, bwana, ukipimia kwangu utawapoteza watu." Halafu akampigia kaka. Kaka ni mwalimu, ana sauti kubwa, nilisikia kila neno. "Mzee wangu, njoo tu, huku wajukuu watakuchangamsha. Na huyo mdogo wangu naye apumue." Tangu hapo baba anapanga vitu. Ramani ameanza kuzigawa kwa wapima ardhi wa zamani wenzake. Hataki kwenda dukani peke yake tena kwa kuogopa kupotea, dukani penyewe ni mwendo wa dakika nne.

Nilikuja kujua Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi. Tuna mwenzetu aliyehamishiwa masjala kutoka idara nyingine, akaacha nafasi tupu kwenye fomu, na karani mwenzangu tunayemwita Bi Mhuri, kwa vile anavyogonga mhuri utadhani anaua mende, akamvamia: "Wewe! Masjala hii haina kisanduku uchi. Kama hakuna, andika HAKUNA, ndiyo nguo yake!" Watu wote wakacheka. Mimi kalamu ilinidondoka. Bi Mhuri akaniambia, "Na wewe je, mbona umekauka kama umeona simba?" Nikasema ni tumbo.

Ijumaa tarehe 16 niliomba ruhusa nikarudi mapema. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilitoa kompyuta kwenye begi, nikaiwasha jikoni huku mlango umefungwa. Niliandika HAKUNA. Ikafunguka.

Nilikaa pale nikitazama sura kumi na nne za baba zimepangwa kwa namba. Kisha niliizima, nikairudisha kwenye begi, na zipu niliifunga taratibu ili asisikie.

Sasa Shangazi, mpango wangu niliouandika leo Jumapili ni huu. Naweza, siku moja baba akiwa ametoka, kuingia tena kwenye ile mipangilio, nikaondoa hiyo HAKUNA na kumrudishia neno lake la zamani, halafu nimwambie, "Baba, hebu jaribu mara moja tu kabla hujaondoka." Atajaribu, itafunguka, atafurahi, na hakuna atakayejua. Au niliondoe kabisa, nimwambie mashine imejirekebisha yenyewe. Au nimwambie ukweli, na hapo naogopa vitu vitatu. Naogopa kwamba hataniamini tena maisha yangu yote, kwa sababu baba si mtu wa kugomba, ni mtu wa kunyamaza. Naogopa kaka atasema nilimfanyia makusudi ili aondoke, na nikikumbuka ile pumzi niliyoshusha sina uhakika nitamjibu nini. Na naogopa kazini, kwa sababu kuna faili lina jambo la uongo na mimi karani ninalijua, na juzi lilinipita mikononi, nikatazama ule ukurasa na nikawaza jambo ambalo karani hapaswi kuliwaza.

Kila siku baba ananiuliza kwa upole, "Leo nimekuuliza swali hili au bado?" Hajawahi kuwa mtu wa kuuliza hivyo. Naomba uniambie nifanye lipi kwanza.

Wako,
Karani wa Masjala


SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu Karani,

Nimekusogeza mbele ya foleni. Wenye waume watoro watanisamehe, waume hao hawaendi popote wiki hii.

Nianze na pole, kwa sababu nikianza na mengine nitasahau. Umemtunza mzee peke yako miaka yote hii, ukipika, ukifua na kupiga simu kuuliza habari za jiko. Kuchoka si kosa. Kushusha pumzi mtu akikwambia mzigo utachukuliwa na mwingine, hilo pia si kosa, hata mimi ningeshusha. Na kuandika HAKUNA pale palipotakiwa kuachwa patupu ni ajali ya mtu mwenye kazi yake. Nimecheka, nakiri, halafu sikucheka tena.

Sasa keti vizuri nikuseme.

Kosa lako la kwanza ulilifanya kabla ya kugusa kitufe chochote. Umeandika mwenyewe, "Sikumwuliza baba kwa sababu nilijua angekataa." Soma tena sentensi hiyo. Kompyuta ni yake, kitabu ni chake, siri ni yake, na akili ya kukataa alikuwa nayo, tena timamu. Ulimwondolea haki ya kusema hapana, ukaiita huruma. La pili ni baya zaidi. Tangu Alhamisi unajua kwamba baba yako hakusahau. Ijumaa ulihakikisha. Jumapili ukaandika kurasa kadhaa za barua nzuri kwa mwandiko uliopangika, kwa mtu usiyemjua, na baba yako yuko chumba cha pili anaogopa kwenda dukani. Karatasi hizi zilikuwa zake kabla ya kuwa zangu.

Unaniuliza kama urudishe neno kimyakimya halafu umwambie "hebu jaribu". Nimelifikiria, maana linavutia, halina kelele wala machozi. Hebu tulifuate mpaka mwisho wake. Baba anajaribu, inafunguka. Amejifunza nini? Kwamba tarehe 5 alisahau na leo amekumbuka. Kwa hiyo kichwa chake kinakuja na kuondoka kama umeme wa mgao, na hilo linatisha kuliko kusahau moja kwa moja. Bado ataogopa dukani. Daktari bado ana ukurasa wake. Kaka bado ana gari lake. Utakuwa umeitengeneza mashine, na baba yako umemwacha pale pale ulipomvunjia. Kuhusu kumwambia imejirekebisha yenyewe, huyo ni mpima ardhi. Maisha yake yote amewasikiliza watu wakimwambia jiwe la mpaka limejisogeza lenyewe.

Kwa hiyo utamwambia, na utamwambia leo, kabla hujaigusa tena hiyo kompyuta. Usingoje wikendi. Usimpigie kaka kwanza ili akusaidie kutafuta maneno. Kaa naye hapo chumba cha mbele, begi likiwa mezani, umweleze kama ulivyonieleza mimi, tarehe kwa tarehe. Ukihitaji, shika hiyo shajara umsomee. Usianze na sababu zako. Anza na kitendo: "Baba, Jumapili ile ulipokwenda kunyoa, nilibadilisha neno lako bila kujua, na uliloandika wewe Jumatatu lilikuwa lilelile la siku zote."

Halafu kuhusu mashine. Mimi kompyuta naitumia kuandikia tu, kwa hiyo nilishuka ngazi kwenda kwa fundi mwenye duka chini ya ofisi zetu, nikamsomea kipande cha barua yako bila kumwambia ni ya nani. Alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye feni ya mashine ya mtu. Nilipofika kwenye HAKUNA aliweka feni chini.

"Shangazi, huyo dada ana bahati ya ajabu," akasema. "Anajua alichoandika. Hapa wanakuja watu wameandika wasichokijua, wanataka nifanye miujiza. Neno la diski ukilipoteza, diski hiyo kalalie kama mto."

Nikamwuliza kwa nini ilifunguka bila kuuliza siku ile. Akasema mashine ilipojizima na kujiwasha kwa mkupuo, diski haikukatiwa umeme, kwa hiyo haikujifunga. Ilijifunga ulipoizima kabisa. Ndiyo maana ulidanganyika, na angedanganyika yeyote.

Maelekezo yake ni haya, nayaandika kama alivyoyasema, nawe uyafuate kama unavyofuata sheria za masjala. Kwanza washeni, andika HAKUNA kwa herufi kubwa vilevile ulivyoandika siku ile, na kabla ya jambo lolote nakilini hizo sura kumi na nne kwenye flashi. Mbili, akasema, moja ikae na mzee na moja ikae na wewe. Fundi alishangaa kwamba mtu ameandika miaka miwili bila nakala, na mimi nilishangaa pamoja naye. Kisha zimeni kabisa, chomoeni waya wa chaji, ngojeni kama nusu dakika. Washeni tena na muingie moja kwa moja kwenye ile mipangilio ya ndani. Msiingie kwa kuwasha upya kutoka ndani ya kompyuta, kwa sababu mashine nyingi ukiingia hivyo sehemu ya neno la diski inafifia na haikubali kuguswa, na hapo ndipo watu wanapoanza kubonyeza ovyo. Kwenye kisanduku cha neno la sasa andikeni HAKUNA. Viwili vya chini msiandike kitu. Pita juu yake kwa Enter, kimoja, kisha cha pili, mkono wako ukikuwasha kuandika HAKUNA, uushike kwa mkono mwingine. Hifadhini, tokeni, halafu zimeni kabisa na kuwasha tena ili mwone kwa macho yenu kwamba haiulizi. Ikikataa mahali popote, simameni. Msibahatishe. Mpelekeeni fundi mkiwa na neno lake mkononi.

Lakini sikiliza hapa, maana nakuona tayari unakwenda kutafuta flashi. Kuviacha vitupu hivyo visanduku viwili au kuandika humo lile neno lake la zamani ni uamuzi wa baba, na anayebonyeza ni yeye. Wewe unasoma Kiingereza na kushika tochi. Akisema anataka neno lake libaki, litabaki, na vidole vikitetemeka vitetemeke, ni vyake.

Daktari. Ulichowaza kuhusu ule ukurasa sitakitaja, na wewe usikiwaze tena. Faili usiliguse. Mpeleke baba kwa daktari siku ya kwanza itakayopatikana, mpange foleni kwa mlango wa wagonjwa kama watu wengine, na umweleze daktari kilichotokea naye mzee akisikia, ili yeye mwenye kalamu aandike lililo kweli. Na usimwambie baba kwamba sasa hana tatizo lolote. Birika lilikauka mara mbili, hilo hukulifanya wewe. Uchunguzi uendelee, ila uendelee kwa mambo aliyoyafanya yeye.

Kaka mpigie baada ya baba kujua, baba akiwa ameketi hapo na simu ikiwa imewekwa sauti ya wazi. Mwambie yote, na ile pumzi pia, maana hiyo ndiyo sehemu inayomhusu zaidi. Akikuuliza kama ulifanya makusudi, mjibu hukufanya makusudi, lakini umechoka, na umechoka kwa sababu msaada wake umekuwa wa kutania kwenye simu. Shule zikifungwa aje na gari lake kama alivyopanga. Aje alale hapo wiki tatu, apike, afue, na wewe uende mahali ukalale mpaka saa tatu asubuhi. Kama baba bado atataka kuhama baada ya kujua ukweli, atahama kwa akili yake na wewe utamfungia mizigo. Akitaka kubaki, mkuu wa chuo bado ana simu, na ramani zilizogawiwa zinaweza kuombwa zirudi. Wapima ardhi wazee hawana haraka ya kutupa ramani.

Unaogopa kunyamaza kwake. Atanyamaza, sikudanganyi, na huenda kwa siku nyingi. Usimkimbize. Usijaze ukimya wake kwa maelezo, usimletee chai kila dakika tano, usimwombe akuambie kwamba amekusamehe. Kaa tu hapo chumbani. Kwa jinsi ulivyonieleza huyu mzee, aliyefuta miwani kabla ya kujaribu mara ya tatu, nadhani kabla hajakukasirikia ipasavyo atataka kuthibitisha kipimo chake kwanza. Atakuuliza, "Kwa hiyo siku ile nililiandika sawasawa?"

Hapo usilie wala usijitetee. Mtazame, umjibu: "Sawasawa, Baba. Mara zote tatu."